Akrotiri, mji uliozikwa na majivu ya volkano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha historia sekondari, na kila mwaka tukifika kwenye ustaarabu wa kale wa Mediterania, hakuna mada inayozaa maswali kama Akrotiri. Wazazi nao huuliza, na wapo wanaoniandikia baada ya kuona picha za Santorini na zile nyumba zake nyeupe. Nimekusanya hapa yale yanayorudi mara kwa mara. Baadhi nimeyajibu kwa mistari michache kwa sababu hayahitaji zaidi, na mengine nimeyapa nafasi kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niupende mji huu.

Akrotiri ni nini hasa, na iko wapi?

Ni magofu ya mji wa bandari wa Zama za Shaba, upande wa kusini wa kisiwa cha Santorini nchini Ugiriki, katika Bahari ya Aegean. Jina rasmi la kisiwa ni Thira. Hilo la Santorini limetokana na Mtakatifu Irini. Ukielekea kusini kwa chombo unafika Krete, umbali wa kilomita zipatazo 110. Akrotiri ni jina la kijiji cha leo kilicho jirani, na kwa Kigiriki maana yake ni rasi. Jina ambalo wenyeji wa kale waliuita mji wao limepotea.

Watu walikaa hapo tangu mwishoni mwa Zama za Mawe. Kufikia siku za maafa palikuwa na nyumba za ghorofa mbili na tatu, mitaa iliyotandikwa mawe, mifereji ya majitaka chini ya mitaa hiyo, na biashara iliyofika Krete, Kupro, Misri na pwani ya Shamu. Inakadiriwa mji ulienea hekta 20 hivi. Kilichofukuliwa na kuezekwa paa ni kama hekta moja tu na ushee.

Maafa yalitokea lini?

Hapa wataalamu wanavutana. Kwa muda mrefu wanaakiolojia walitaja mwaka 1500 KK au karibu na hapo, kwa kulinganisha vyombo vya udongo vya Aegean na vile vya Misri, ambako miaka ya wafalme inajulikana. Kisha mwaka 2002 likapatikana tawi la mzeituni lililozikwa likiwa bichi ndani ya tabaka la mlipuko. Vipimo vya kaboni vilivyotangazwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba mti ule ulikufa kati ya 1627 na 1600 KK. Mwaka 2018 watafiti wa pete za miti walirekebisha mizani ya vipimo hivyo, na tarehe ikasogea tena kuelekea karne ya 16. Mimi darasani nasema "takriban miaka 3,600 iliyopita", na hakuna upande unaoweza kunikosoa sana kwa hilo.

Mlipuko wenyewe ulikwendaje?

Ulikuwa miongoni mwa milipuko mikubwa kabisa ya miaka 10,000 iliyopita. Ulianza kwa upole: manyunyu ya majivu, unene wa sentimita chache. Kisha mlima ukafunguka, na safu ya moshi na mawe ikapanda zaidi ya kilomita 30 angani. Iliyoshuka ilikuwa mvua ya pumisi, yale mawe mepesi yenye matundu ambayo wengi wetu tunayajua kwa kusugulia visigino. Baadaye maji ya bahari yakaingia kwenye koo la volkano. Maji na moto vilipokutana, mlipuko ukageuka kuwa wa fujo zaidi, ukirusha majabali yaliyotoboa nyumba za mji. Mwishowe mawimbi ya gesi na majivu ya moto yakateremka mteremko na kumiminika baharini. Katika sehemu nyingine za kisiwa tabaka hilo lina unene wa makumi ya mita.

Ghala la mwamba ulioyeyuka chini ya mlima lilipokwisha kumwaga kilichokuwamo, paa lake likazama. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa Ngorongoro ataelewa upesi, kwa sababu nayo ni kaldera, yaani shimo la volkano iliyojiporomokea. Kaldera ya Santorini ina upana wa kilomita 11 kwa 7 hivi, na sehemu yake ilikuwapo tangu milipuko ya kale zaidi. Tofauti kubwa na Ngorongoro ni kwamba hii imejaa bahari, na kuta zake zinasimama hadi mita 300 juu ya maji.

Mbona majivu hayakuteketeza kila kitu?

Ndugu zetu wa Goma wameiona Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, kwa hiyo wanapofikiria volkano wanafikiria lava inayotambaa mtaani ikimeza nyumba na kuziacha jiwe jeusi. Akrotiri haikupatwa na lava. Ilijazwa. Pumisi iliingia madirishani na milangoni, ikapanda polepole vyumbani, ikazishikilia kuta zisianguke. Kwa sababu hiyo kuna nyumba ambazo ghorofa ya pili bado imesimama, na mitungi mikubwa ya akiba bado imepangwa palepale ilipowekwa.

Mbao zilioza, lakini majivu yaliyokuwa yamezibana yaliganda kabla, yakaacha uwazi wenye umbo kamili la kile kilichooza. Wachimbaji hufanya subira: wakikuta tundu, hawalibomoi, wanamimina plasta ya jasi ndani, wanangoja ikauke, kisha wanaondoa majivu pembeni. Kwa njia hiyo vimepatikana vitanda, na meza ndogo ya miguu mitatu iliyonakshiwa kwa ustadi ambao fundi seremala yeyote wa Lamu au Zanzibar angeutazama mara mbili.

Mbona hakuna maiti?

Hili ndilo swali ninalolisubiri. Katika nyumba zote zilizofukuliwa hadi leo hakuna mtu hata mmoja aliyepatikana amekufa chini ya majivu. Hakuna pia vito vya thamani vilivyotupwa ovyo, isipokuwa vichache. Watu waliondoka, wakabeba walichoweza kubeba.

Onyo lao lilikuwa tetemeko la ardhi. Liliangusha kuta na kuvunja ngazi, na likawatoa watu majumbani. Ila kinachonigusa ni kilichofuata: walirudi. Mitaani yamekutwa malundo ya kifusi yaliyokusanywa na kupangwa pembeni ili njia ipitike. Mawe yaliyofaa kujengea yalitengwa na yasiyofaa. Vitanda vilitolewa nje kutoka kwenye nyumba zilizoharibika. Vyombo vilisogezwa mahali palipoonekana salama, hata chini ya vizingiti vya milango. Hayo ni matendo ya watu wanaotengeneza mji wao upya, wakitegemea kuishi humo mwaka ujao.

Katika nyumba inayoitwa Nyumba ya Magharibi, chumba kimoja cha juu kilikuwa katika kupakwa rangi. Yalikutwa mabakuli mawili, moja lina lipu iliyokauka, lingine lina rangi iliyokauka. Fundi alikuwa ameanza kazi akaiacha. Huenda ni yale manyunyu ya kwanza ya majivu yaliyomwambia kwamba hapa si pa kukaa tena, na safari hii mji mzima ukakimbilia vyombo vya majini.

Basi walikwenda wapi?

Hakuna kisiwa kilichojitokeza kikiwa na mtaa wa wakimbizi wa Thira. Walioondoka mapema wakiwa na upepo mzuri wangeweza kufika Krete au visiwa vya jirani. Waliochelewa, hata wakiwa baharini, walikuwa hatarini: mawimbi ya moto yalivuka maji, na tsunami ikafuata. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba wengi walinaswa bandarini, mahali ambapo jembe la wachimbaji halijafika.

Ushahidi wa tsunami umepatikana Palaikastro, mashariki mwa Krete, na katika pwani ya Uturuki. Huko Uturuki, kwenye eneo la uchimbaji la Çeşme-Bağlararası, zilikutwa chini ya kifusi kilicholetwa na maji maiti za kijana mmoja wa kiume na mbwa. Huyo kijana hakuwa mtu wa Akrotiri. Alikuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenye mlima.

Waliishije? Walikula nini?

Walikula vizuri. Mitungini yamekutwa shayiri na unga wake, samaki, na aina ya dengu ndogo ambayo wakulima wa Santorini wanailima mpaka leo na kuipika uji mzito wa manjano wanaouita fava. Walikuwa na mvinyo na mafuta ya zeituni. Walisuka nguo kwa wingi, maana vipo vitufe vya udongo vya kuvutia nyuzi za mtande karibu kila nyumba.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni jiko la mishkaki. Ni vipande viwili vya udongo vinavyosimama sambamba, kila kimoja kina kichwa cha mnyama mwishoni. Juu vina mikato iliyolingana ili kijiti cha nyama kilale sawa, na chini vina matundu mstari mmoja ili hewa ipite kwenye makaa. Ukikiona hutaki maelezo. Mchoma mishkaki wa Forodhani akipewa leo jioni, atakitumia.

Choo kipo pia, ghorofani, katika ile Nyumba ya Magharibi: benchi la mawe lenye uwazi katikati, bomba la udongo linaloshuka ndani ya ukuta, na mfereji unaopokea chini ya mtaa. Kujenga hivyo kunataka mtaa mzima ukubaliane juu ya mfereji mmoja, na hapo ndipo unapoona kwamba palikuwa na utaratibu wa mji. Nyumba zilijengwa kwa mawe yaliyofungwa na mbao ndani ya kuta, ili zikitikiswa ziyumbe zisipasuke. Walikuwa wanayajua matetemeko vizuri.

Michoro ya ukutani inaonyesha nini?

Kila jengo lililochimbwa lina michoro, hata nyumba za kawaida, na hilo si jambo dogo. Siwezi kuieleza yote. Nitaeleza inayoulizwa.

Kuna watoto wawili wanaopigana ngumi, kila mmoja amevaa glavu kwenye mkono wa kulia tu. Vichwa vimenyolewa na kuachwa vishungi virefu. Kuna vijana wavuvi walio uchi, mikononi wameshika mafungu ya samaki yaliyofungwa kwa kamba, na mojawapo ni felusi, ambaye mvuvi wa Watamu atamtambua kwa kile kipaji cha uso kilichosimama. Kuna chumba kizima cha miamba yenye maua ya yungiyungi mekundu na mbayuwayu wanaogusana midomo hewani.

Katika jengo la Xeste 3 wasichana wanachuma zafarani mlimani na kuileta kwa mungu wa kike aliyeketi jukwaani. Anayempokelea ni tumbili wa rangi ya buluu. Msichana mmoja ameketi juu ya mwamba ameshika mguu wake, unatoka damu, na mkono wa pili ameuweka kwenye paji la uso. Kwa uchungu ule hata mwanafunzi mtoro hunyamaza.

Halafu kuna meli. Ni mchoro mwembamba wa takriban sentimita 40 kwenda juu, uliozunguka chumba kama utepe: msafara wa meli kubwa zilizopambwa ukitoka mji mmoja kwenda mwingine, pomboo wakiruka pembeni, watu wamejaa juu ya mapaa kuangalia. Watu wa pwani wataona jambo ambalo wengi hulipita: wale mabaharia wameinama chini kabisa kwa sababu wanatumia makafi, si makasia. Meli kubwa kiasi kile haiendeshwi kwa kafi safari ndefu. Kwa hiyo wapo wanaosema ni sherehe, jambo la siku moja kwa mwaka, nami naona hoja hiyo ina nguvu.

Tumbili walifikaje kwenye ukuta wa Kigiriki?

Ugiriki haina kima wala nyani wa porini. Baadhi ya wataalamu wamewatambua wanyama wa Akrotiri kuwa tumbili na nyani wa Afrika, ambao njia yao ya kawaida kufika Mediterania ilikuwa Misri. Mwaka 2019 watafiti wa nyani walitazama upya wale wa jengo la Beta, mikia yao iliyopinda juu, wakasema wanafanana zaidi na langur wa Bara Hindi. Kama ni kweli, basi mtu fulani alimwona mnyama huyo, au picha yake, kupitia mlolongo wa wafanyabiashara ulioanzia bonde la mto Indus.

Swala wawili walio chumba kimoja na watoto wa ngumi, mwanaakiolojia Marinatos aliwaona kuwa choroa wa Afrika Mashariki, wengine hawakubali. Lakini mayai ya mbuni hayana ubishi. Mawili yamekutwa humo yakiwa yamegeuzwa kuwa vyombo vya kumiminia.

Marinatos ni nani? Nani aliugundua mji?

Spyridon Marinatos alikuwa mwanaakiolojia wa Kigiriki. Alipokuwa akichimba Amnisos, Krete, alikuta pumisi, akaanza kujiuliza, na mwaka 1939 akachapisha hoja kwamba volkano ya Thira ndiyo iliyouangusha ustaarabu wa Krete. Vita vikaja, na uchimbaji wa Akrotiri ukangoja hadi 1967. Alifia hapohapo kazini tarehe 1 Oktoba 1974. Christos Doumas akaendeleza.

Ila hakuwa wa kwanza kuona dalili. Miaka ya 1860, wakati Mfereji wa Suez unachimbwa, majivu ya Santorini yalitafutwa sana kwa kutengenezea saruji. Wachimbaji wa majivu katika kisiwa jirani cha Therasia wakagonga kuta za kale, na mjiolojia Mfaransa Ferdinand Fouqué akaenda kuzitazama mwaka 1867. Mwaka 1870 Wafaransa wengine wakachimba kidogo karibu na Akrotiri yenyewe.

Ni kweli volkano ndiyo iliyoiangamiza Krete?

Si moja kwa moja. Huko Mochlos, Krete, majivu ya Thira yamekutwa chini ya sakafu za nyumba zilizojengwa baadaye. Yaani watu walisawazisha, wakajenga juu, wakaendelea. Majumba mengi ya Krete yaliteketea karibu mwaka 1450 KK, na kwa tarehe yoyote kati ya zile nilizotaja juu, muda umepita. Bandari zilizopotea na biashara iliyovurugika huenda ziliidhoofisha Krete. Marinatos alikosea kuhusu kasi, lakini kosa lake ndilo lililotupa Akrotiri.

Je, ndiyo Atlantis?

Plato aliandika habari za Atlantis karibu mwaka 360 KK, akaiweka nje ya mlango wa Mediterania na miaka 9,000 kabla ya zama za Solon, mtunga sheria wa Athens. Hakuna hata kimoja kinacholingana na Thira. Naomba tuwaache watu wa Akrotiri wawe wenyewe. Wana ya kutosha.

Na yale mapigo ya Misri?

Chembe za majivu ya Santorini zimepatikana kwenye udongo wa delta ya Nile, kwa hiyo yalifika. Kutoka hapo hadi kuyafungamanisha na giza la kitabu cha Kutoka ni hatua ambayo tarehe haziiruhusu kwa urahisi. Mwenye imani haihitaji volkano, na volkano haihitaji kisa hicho ili iwe kubwa.

Inatofautianaje na Pompeii?

Pompeii ilizikwa mwaka 79 BK, zaidi ya miaka 1,500 baadaye, na tunayo maandishi ya Warumi kuihusu. Wakazi wengi waliuawa, na zaidi ya maiti 1,000 zimekutwa. Watu wa Akrotiri waliandika kwa Linea A, mwandiko ambao haujasomeka, na ni vipande vichache tu vya vibao vilivyopatikana. Sauti yao hatuna, tuna nyumba zao.

Volkano bado ni hai?

Ndiyo. Katikati ya kaldera kuna kisiwa cheusi cha Nea Kameni kilicholipuka mara ya mwisho mwaka 1950. Kilomita chache kaskazini-mashariki, chini ya bahari, kuna Kolumbo, iliyolipuka 1650 na kuua watu. Tetemeko la 1956 liliua zaidi ya watu 50 kisiwani. Na mwanzoni mwa 2025 ardhi ilitikisika maelfu ya mara ndani ya wiki chache, hata zaidi ya watu 11,000 wakaondoka kwa meli na ndege. Nilizitazama zile picha za foleni bandarini, watu na mabegi, na nilijua nimeshawahi kuwaeleza wanafunzi jambo hilohilo.

Naweza kwenda kuiona?

Unaweza. Paa la zamani liliporomoka Septemba 2005 na kuua mgeni mmoja, eneo likafungwa, likafunguliwa tena 2012 chini ya paa jipya lenye kuingiza mwanga na hewa. Kuna basi kutoka Fira, mji mkuu wa kisiwa. Michoro utaiona kwingine: watoto wa ngumi, swala na chumba cha mbayuwayu vipo Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens; tumbili wa buluu wapo katika makumbusho ya Thira ya kale pale Fira, pamoja na mbuzi mdogo wa dhahabu aliyepatikana 1999 akiwa ndani ya sanduku, sehemu ambako pembe za mbuzi zilikuwa zimerundikwa. Anza na makumbusho ndipo uende kwenye magofu, ili ukiona ukuta mtupu ujue kilichokuwapo.

Ndani ya magofu, fuata njia hadi jengo la Delta utafute ngazi ya mlangoni. Mimi nilisimama hapo muda mrefu kuliko penginepo. Vidato vyake ni vya mawe mazito, vimepanda vizuri kimoja juu ya kingine, na vimekatika katikati, mahali palepale tetemeko lilipovivunja siku waliyotoka.